Chuchu Mbili za Ndama

Silantoi anaishi Oldonyosambu na mumewe, Saruni. Kila asubuhi hukamua ng'ombe sita. Hukamua chuchu mbili tu za kila ng'ombe. Mbili nyingine ni haki ya ndama. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Siku moja Saruni alileta gunia la chakula kipya cha mifugo kutoka dukani huko Sakina. Alimlisha Nado peke yake, yule ng'ombe mwekundu. Baada ya wiki, Nado alitoa lita tatu. Wenzake walitoa lita moja na nusu kila mmoja.

"Umeona? Mara mbili," Saruni alisema. "Jumamosi nabadilisha mtamba wako kwa magunia ya chakula hiki."

 Mtamba yule Silantoi alipewa na baba yake alipoolewa, na sasa mtamba alikuwa na mimba yake ya kwanza. Moyo ulimuuma.

Ijumaa akaja Ndeshi, afisa mifugo wa kata. Alisikia habari, akamtazama ndama wa Nado. Mbavu zilihesabika.

"Shikamoo, baba. Nado anakamuliwa chuchu ngapi?"

"Marahaba. Zote nne. Nilitaka nione nguvu ya chakula."

"Na wengine?"

"Mbili," Silantoi akajibu.

Saruni alikuna kichwa. Alidhani anapima chakula, kumbe alikuwa anapima chuchu.

"Tena ng'ombe mmoja hatoshi," Ndeshi alisema. "Maziwa hupanda na kushuka yenyewe. Tuwapime wote sita. Kila mmoja ale chakula kipya wiki mbili, na cha zamani wiki mbili. Watatu waanze na kipya, watatu na cha zamani, kisha wabadilishane. Wote wakamuliwe chuchu mbili, na maziwa yapimwe kwa kopo lile lile. Kisha kila ng'ombe tumlinganishe na yeye mwenyewe, si na mwenzake. Hiyo ndiyo hesabu inayofaa hapa."

"Na tukikosea, daktari?"

"Makosa ni mawili. Kuona faida isiyokuwepo, au kutoiona iliyopo. Lipi litakuumiza zaidi?"

Saruni alimtazama mtamba. "La kwanza. Huyu akiondoka, harudi."

"Basi tusikubali mpaka tofauti iwe kubwa, na ionekane karibu kwa wote."

Silantoi aliandika kila siku kwenye daftari. Wiki nne zikaisha, Ndeshi akapiga hesabu. Kwa chakula kipya, watatu waliongeza maziwa kidogo, watatu walipunguza kidogo.

"Huku ni kupanda na kushuka kwa kawaida," alisema. "Sisemi chakula ni kibaya. Ng'ombe sita ni wachache. Nasema faida hatujaiona."

Mtamba alibaki. Masika alizaa ndama jike. Siku ya kwanza ya kumkamua, Saruni alisimama zizini.

"Mbili za ndama," alimwambia mkewe, kana kwamba ndiye aliyemfundisha.

Silantoi alicheka, akaendelea kukamua.