Mkulima Namba Saba

—Wessel, huyu Mkulima Namba Saba ni nani?

Wessel akaacha kutafuna mkate wake wa jibini. Mchumba wake, Jildou, alikuwa amesimama kando ya meza, ameshika tasnifu ya udaktari ya Wessel kuhusu namna ng'ombe wanavyozaa.

—Ni... mkulima tu.

—"Mwanamke, mkoa wa Friesland, Uholanzi, ng'ombe hamsini. Hana shahada. Huzalisha kwa mazoea, bila msingi wa kisayansi." Miezi miwili ulikaa zizini kwangu ukiandika, Wessel. Mimi nikadhani unaniandikia barua za mapenzi.

Wessel akaeleza kwamba chuoni ndivyo wanavyoandika, na kwamba hakumtaja jina. Kila akijieleza, mambo yakazidi kuharibika. Mwisho Jildou akamfungulia mlango, akamkabidhi na baiskeli yake.

Siku nane simu hazikupokelewa. Siku ya tisa, saa sita mchana, ukaingia ujumbe: "Ndama amekwama. Daktari wa mifugo yuko mbali na peke yangu siwezi. Njoo. Usilete kitabu."

Alifika na suti yake ya kufundishia. Jildou, mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi begani, akamwambia avue koti na ashike kamba iliyofungwa miguu ya ndama. Wessel akaanza kusema kwamba kwa mujibu wa utafiti, uchungu ukija ni kuvuta.

—Ukivuta sasa utamuua. Kichwa kimegeukia nyuma. Ingiza mkono usome mwenyewe.

Kurasa mia nne alizoandika, na Wessel hakuwahi kumgusa ndama aliye tumboni. Akapapasa mpaka jasho likamtoka.

—Nimeshika goti, nadhani.

—Hilo ni sikio.

Jildou akamsukuma ndama nyuma taratibu, akakigeuza kichwa, kisha akasema, "Haya, vuta." Wessel akavuta kwa nguvu zake zote. Ndama akachomoka, na mwalimu wa chuo akaenda chali kwenye samadi, ndama kifuani pake, anapumua.

Wessel hakuinuka.

—Niliandika upuuzi, Jildou. Wewe unajua, mimi nilikuwa natazama tu. Nitakisahihisha kitabu, hata wakinicheka chuoni. Bado unakubali tuoane?

Jildou akamtazama, akacheka mpaka akashika nguzo.

—Nakubali. Lakini sikukumbatii mpaka uoge.

Wessel akakimbilia bomba la zizini na maji yake ya mwezi wa tatu, majira ya baridi yakiwa hayajaisha, bila kuvua hata tai.