Sura Isiyo na Mwenyewe

Ilianza harufu ya udi, saa saba mchana, katika chumba alichochorea Jilala. Nyumba nzima hakuna aliyefukiza.

"Baba Mhoja, umemleta nani humu?" mkewe Nyanjige aliuliza mlangoni.

Jilala akacheka. Mwaka ule wenzake wa Bariadi walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, yeye akichora warembo. Kila mwezi alituma Dar es Salaam, kwa basi, picha moja ya jalada la gazeti la urembo. Mhariri alimpa sharti moja: asichore mtu anayefahamika, maana mume wa mrembo mmoja aliyechorwa alishawahi kumfuata ofisini na rungu. Basi Jilala akawa anaunga. Pua ya huyu, midomo ya yule, mpaka ipatikane sura isiyo na mwenyewe. Kazi ya kipuuzi, lakini ilimlisha.

Asubuhi ile macho ya picha yalikuwa yamemshinda na basi linapiga honi. Akachungulia uani, akachora macho ya Nyanjige, akafunga bahasha.

Kesho yake Nyanjige alimimina uji nje ya bakuli. Siku ya tatu akawa anapapasa ukuta. Hospitali wakasema macho ni mazima. Na kila adhuhuri Jilala alisikia brashi ikikorogwa ndani ya kopo la maji, chumbani mle alimokuwa amefunga kwa kufuli, na ule udi ukapita chini ya mlango, ukaingia kwenye chakula, kwenye nguo, kwenye nywele za mkewe, mpaka akaogopa kumkumbatia, na hilo lilimuumiza kuliko yote.

Akamwita Bi Maftaha, mganga. Ubani ulipowaka, Nyanjige alisema kwa sauti isiyo yake.

"Nimetembea miaka bila sura. Huyu bwana akaniundia moja, akaiacha tupu. Ilibaki macho tu, na macho akanipa mwenyewe."

"Ileteni hiyo picha niichome," Bi Maftaha alinong'ona.

"Imeshapigwa chapa, mama," Jilala alisema.

"Ngapi?"

"Elfu kumi."

Bi Maftaha akamwagia chetezo maji, akakusanya vitu vyake. Hakudai hata ujira.

Wiki mbili baadaye, gazeti lilipokwisha kufika na majalada kubandikwa kutani, Nyanjige aliamka akimshika mumewe mkono. "Baba Mhoja! Naona!"

Jilala akalia kwa furaha. "Unaniona?"

"Wewe sikuoni." Akageuza shingo polepole. "Naona mizani na magunia ya chumvi. Ni dukani kwa Mustapha. Naona na kinyozi... huko ni Mwanhuzi. Naona kilabu cha pombe, sijui cha wapi. Wanaume wamejaa, Baba Mhoja. Wananitazama mimi."

Jilala alimziba macho kwa viganja vyote viwili, akabana.

"Umeziba?" Nyanjige aliuliza.

"Nimeziba, mama."

"Bado wananitazama."