Mwanamke Asiyejua Kukaa

Uwanja wa Koleta ulikuwa safi kuliko meza za watu wengine. Alifagia kabla jua halijatoka. Akirudi kuchota maji, alifagia tena. Adhuhuri kuku wakipita na kuacha nyayo, alichukua ufagio akafuta hata hizo nyayo. Ufagio wenyewe ulikuwa umekwisha, umebaki kijiti.

Kijiji chao kiko nje kidogo ya Usinge, upande wa msitu. Watu wa huko wanalima tumbaku, mahindi na karanga, na wanaume wengi wana mizinga ya nyuki porini. Ni watu wa kazi. Kwao, mgonjwa ni mtu aliyelala. Ukipita na jembe begani, nani atakuuliza habari za ugonjwa? Basi Koleta alikuwa anaumwa mbele ya macho yao, na wao wanamsifu.

Aliyemsifu kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, Marcelina, ambaye nyumba yake inatazamana na ya Koleta. "Mama Ngollo hajui kukaa," aliwaambia majirani kwa kujidai. "Mkwe kama huyu mtampata wapi?"

Hebu niwaeleze hilo jina, maana ndilo lililobeba habari yote. Koleta hakuwa na mtoto. Alipoolewa na Kasimiri, miaka tisa iliyopita, Marcelina alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba mjukuu wake wa kwanza ataitwa Ngollo, jina la marehemu mumewe. Siku hiyohiyo akaanza kumwita mkwewe Mama Ngollo. Ulikuwa upendo mtupu. Kijiji kizima kikalidaka jina. Kisimani, Mama Ngollo. Kanisani, Mama Ngollo. Mwaka wa kwanza Koleta aliitika huku anacheka. Mwaka wa tano aliitika huku anatazama chini.

Mwaka jana yeye na mumewe walikwenda kupimwa wote wawili. Ndivyo inavyotakiwa, maana tatizo linaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote. Kasimiri hakukutwa na kasoro. Mirija ya uzazi ya Koleta ilikuwa imeziba, yote miwili. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba mimba ya njia ya kawaida haitawezekana, na njia nyingine zilizokuwepo zilikuwa mbali na uwezo wao. Kasimiri alimshika mkewe mkono, akamwambia hatamwacha. Ni mwanaume mwema, hilo nampa. Lakini wakakubaliana wasimwambie mama, asije akaumia. Hapo walikosea. Koleta akaendelea kuitwa kila siku kwa jina la mtoto ambaye alijua hatakuja.

Tangu mvua za mwisho, usingizi ulimkimbia. Alilala kidogo, akashtuka, akakaa macho hadi kunakucha. Ugali ulikuwa mchanga mdomoni. Kwaya, aliyoipenda tangu usichana, aliiacha bila kuaga. Na mwili ulikataa kutulia. Akikaa, moyo ulimwenda mbio, na sauti ndani yake ikamwambia kwamba amewaharibia watu ukoo wao. Akisimama na kufanya kazi, ile sauti ilipungua kidogo. Ndiyo maana alifagia.

Mwezi wa sita Kasimiri alikwenda porini kurina asali. Kazi hiyo inamchukua wiki tatu, wakati mwingine nne. Siku ya tano ya safari yake, Benedikta alipiga hodi kwa Koleta.

Benedikta ni mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuja kukagua vyandarua. Akamkuta Koleta anamenya karanga kwa kasi ya ajabu. Shikamoo, marahaba, habari za hapa, salama. Koleta hakuinua uso. Benedikta akasimama kumtazama, na alichokiona kilimfanya asahau vyandarua. Koleta alikuwa anawatupia kuku karanga, na maganda anayaweka ndani ya ungo.

Benedikta hakucheka. Alivuta kigoda akaketi, akachukua konzi ya karanga, naye akaanza kumenya. Akauliza habari za usingizi. Akauliza habari za chakula, maana gauni la Koleta lilikuwa linamning'inia. Akauliza hali hii ina muda gani. Koleta alijibu neno mojamoja. Miezi mitatu. Labda minne.

"Koleta," Benedikta akasema. Alimwita hivyo, kwa jina lake. "Nitakuuliza jambo, na usinione vibaya. Kuna siku unawaza kwamba ni afadhali ufe?"

Mikono ya Koleta ikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama tangu asubuhi.

"Kila siku, dada," akajibu. Halafu akalia.

Wapo watakaosema Benedikta alikosea, kwamba kumuuliza mtu habari za kifo ni kumfundisha. Sivyo hata kidogo. Mtu mwenye wazo hilo amelibeba peke yake, na anayemuuliza kwa upole anamsaidia kulitua. Benedikta alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akamwambia kwamba hatamwacha peke yake siku hiyo, wala kesho yake, mpaka mumewe arudi. Akafungua ghala, akatoa dawa zote za kunyunyizia tumbaku, akamwomba mzee Mayala, jirani yao, azifungie kwake. Simu ya Kasimiri haikupatikana. Mayala akapanda baiskeli kumfuata porini.

Kasimiri alifika kesho yake, ananuka moshi, asali ameiachia wenzake. Marcelina naye akaja, na alikuwa amekasirika. Akasema huyu si mgonjwa. Mgonjwa halimi, mgonjwa hafagii. Kama kuna kitu, ni mizimu ya ukoo, na yeye anamfahamu mtaalamu wa mambo hayo.

Benedikta alimjibu bila kupandisha sauti. "Mama, malaria inamlaza mmoja, mwingine inamfanya aweweseke na kukimbia. Ugonjwa ni uleule. Huyu mgonjwa wako amekimbia miezi minne. Mkisubiri alale, mtachelewa."

Marcelina hakukubali. Kasimiri ndiye aliyekata shauri. Kesho yake akapanda treni na mkewe hadi Tabora mjini, wakafikia kwa shangazi yake, mtaa wa Gongoni. Ndani ya treni Koleta hakuketi hata kituo kimoja. Alitembea kwenye korido, huku na huku, na Kasimiri nyuma yake, na abiria wanawatazama. Hakumwambia kaa. Alitembea naye tu.

Kliniki ya afya ya akili iko ndani ya hospitali, na mlango wake ni huohuo wanaopitia wagonjwa wengine. Koleta alikuwa ametegemea minyororo na makelele. Akakuta mabenchi, na mwanamke mmoja anafuma kitambaa. Tabibu alikuwa kijana aitwaye Wilbroad. Aliuliza maswali yaleyale ya Benedikta, na mengine mengi. Akapima damu. Kisha akawaambia kwamba ugonjwa huo unaitwa sonona, na wa Koleta umekuwa mkali.

"Nimerogwa?" Koleta akauliza.

"Hapana. Na si uvivu, wala si udhaifu wa imani. Umebeba huzuni kubwa muda mrefu, na sasa ubongo wako umeumia. Unatibika."

Akaeleza matibabu. Kwanza vidonge, kimoja kila siku, hata siku ya kujisikia vizuri. Haviondoi maumivu siku hiyohiyo kama vya kichwa. Vinahitaji wiki mbili, nne, hata sita. Mwanzoni vinaweza kuleta kichefuchefu, au wasiwasi kuzidi kidogo. Mawazo ya kufa yakirudi kwa nguvu, waje mara moja, wasingoje tarehe. Akipona, ataendelea navyo miezi mingine sita au zaidi, na siku ya kuacha ataamua pamoja na tabibu. Pili, mazungumzo na mshauri, kila baada ya wiki mbili. Tatu, asiachwe peke yake kipindi hiki, na zile dawa za shambani zibaki hukohuko kwa Mayala.

Walirudi nyumbani na vidonge. Koleta alivimeza siku kumi na mbili. Tumbo lilimchafuka. Usingizi haukuja. Ufagio ukaendelea. Siku ya kumi na tatu Marcelina aliviona mezani, akavigeuza mkononi, akasema kwa nia njema kabisa, "Mama Ngollo, hivi vitu vikali vitakukausha tumbo. Utanizaliaje mjukuu?"

Angejibu nini? Kwamba tumbo lilikwisha kufungwa? Siku hiyo hakumeza kidonge, wala kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya nne Kasimiri alitafuta mbegu za karanga, akakuta vidonge vimefichwa chini ya gunia.

Hasira ilimpanda, na nisimtetee, alitaka kupiga kelele. Lakini alimtazama mkewe anavyozunguka uwanja kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, hasira ikamwisha. Akamfuata, akatembea kando yake kama kule kwenye treni.

"Mimi natundika mizinga tangu nikiwa na miaka kumi na minne," akasema. "Ulishaniona nimetundika mzinga Jumatatu, Jumatano nikaushusha kuangalia asali?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nyuki hawajaingia."

"Ukiushusha kila siku tatu, wataingia lini? Basi na wewe umeushusha. Twende kwa tabibu tukautundike upya. Mimi sina haraka."

Koleta akajibu, "Si vidonge, Kasimiri. Ni lile jina. Namezaje dawa asubuhi, na mchana naitwa mara ishirini kwa mtoto ambaye hayupo? Mama anamsubiri. Mimi namlilia. Nimechoka kumlilia kwa siri."

Kabla ya kitu kingine, Kasimiri alimpigia simu tabibu, naye akaeleza namna ya kuanza vidonge tena. Safari hii Koleta alimeza mbele ya mumewe. Kisha wakamwita Benedikta, wakavuka uwanja wote watatu kwenda kwa Marcelina. Kasimiri alianza kusema. Koleta akamaliza mwenyewe. Alisema habari za mirija. Alisema kwamba ni mwaka sasa. Alisema, "Mama, Ngollo hatakuja."

Marcelina aliinuka, akaingia chumba cha ndani. Alitoka na mkeka, ule mkubwa wa misiba, akautandika chini katikati ya chumba. Akavua kilemba akajifunga kiunoni. Akaketi, akanyoosha miguu.

"Nimekuwa nakuchoma kwa sindano kila siku, na wewe unaitika," akasema. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Mtu akifiwa, hafagii. Anakaa, na wenzake wanakaa naye."

Koleta akakaa. Walilia wote wawili, na Kasimiri mlangoni akajifuta uso kwa mkono wa shati. Benedikta aliwasha moto akapika uji, maana ndiyo kazi ya jirani penye msiba. Walikaa pale hadi alasiri. Huzuni ya mtoto ambaye hakuzaliwa ni huzuni kamili. Haina kaburi, na kwa sababu hiyo watu wanaipita bila kutoa pole.

Sitaki kuwadanganya kwamba kesho yake alikuwa mzima. Mkeka ulisaidia, lakini mkeka haukuwa dawa ya sonona. Wiki ya pili hakuna kilichobadilika. Wiki ya nne alimaliza bakuli la uji, akashangaa mwenyewe. Wiki ya sita alikaa kwa Benedikta tangu asubuhi hadi kuku wanarudi bandani, wakimenya karanga, na karanga zilikuwa ndani ya ungo, maganda chini. Kwa mshauri hakukosa tarehe. Siku mbaya zilikuwepo, na siku hizo alimwambia mtu. Marcelina aligeuka mlinzi wa vidonge, tena mkali. Kila asubuhi alivuka uwanja na kikombe cha maji, hasogei mpaka kidonge kimemezwa.

Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zilinyesha, na kila mtu akawahi shambani. Jumamosi moja Suzana, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja kuomba ufagio. Jua lilikuwa limepanda. Uwanja wa Koleta ulikuwa umejaa majani na nyayo za kuku. Haukuwahi kuonekana hivyo. Marcelina alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa mkwewe, kikombe cha maji kiko magotini.

Suzana akapaza sauti. "Hodi, Mama Ngollo! Leo kulikoni, hata uwanja haujafagiwa?"

Marcelina aliinua kidole, akakiweka mdomoni. Akasogea karibu na Suzana ili asikike kwa sauti ya chini.

"Usipige kelele," akasema. "Koleta amelala."