Sauti ya Wamae Bila Wamae

Risasi ya kwanza ilipasua taa ya nyuma. Ya pili ilikula gurudumu.

Pikapu ya Peugeot 504 ikayumba, ikaparamia ukingo wa mtaro, ikazima. Lakini vile vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu ya kichwa chake havikuzima.

"...wakulima wote wa kiwanda cha Ruirinji, mnatangaziwa kwamba mkutano wa kesho umeahirishwa. Nasema tena, umeahirishwa. Kaeni nyumbani, mchume kahawa yenu..."

Sauti ya Mzee Wamae. Nzito, ya karibu, kama mtu anayekusemesha akiwa ameketi jikoni kwako. Ndiyo iliyowaambia wakulima wale bei ya kahawa, siku ya kupiga dawa, na nani amefariki kilima cha pili. Ikisema jambo, hakuna aliyeuliza mara mbili.

Kanana Njoka, afisa wa usalama, alishuka kwenye Suzuki yake na Browning mkononi. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa nzito kuliko bastola.

"Toka!"

Dereva akatoka na mikono juu. "Madam, usinipige! Mimi ni wa kuendesha tu!"

"Jina?"

"Kingori."

"Kingori, hii kaseti umepewa na nani?"

"Mzungu wa maua. Wa huko Timau. Ati nizungushe vijiji vyote leo, na nisisimame kuongea na mtu."

"Na Mzee Wamae mwenyewe yuko wapi?"

Kingori akaangalia vipaza sauti. "Si ndiye huyo anaongea?"

Kanana alinyoosha mkono akang'oa waya. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Akabonyeza redio yake ya Motorola, akamwita mkubwa wake. "Mlima, hapa Kanga."

"Sema, Kanga."

"Gari nimesimamisha. Kaseti niko nayo. Wamae hayuko."

"Amri ni ile ile. Wamae amenunuliwa. Mkamate. Ova."

Kanana akairudisha redio kiunoni. Siku tatu Wamae hajaonekana, na ghafla anatangaza uwongo. Kesho, Jumamosi, wakulima wa Ruirinji walipaswa kupiga kura ya mlolongo: wanaokataa kuuza kiwanda huku, wanaokubali kule. Mnunuzi ni kampuni ya maua ya wageni. Haikutaka kahawa. Ilitaka mto. Wakulima wakikaa nyumbani, watu wa kukodiwa wangeletwa na malori, kila mmoja na kadi bandia ya uanachama, wapange foleni mahali pao. Kiwanda ambacho mama zao walikibebea mawe mgongoni kingekuwa kimekwenda kabla ya chai ya saa kumi.

Na wote wangemlaani mtu mmoja. Wamae.

*

Studio ya Haridas, alikorekodia Wamae, ilikuwa juu ya duka la familia la vitambaa mjini Nyeri, pale ambapo mtaa wa Majengo unaanza. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kinu cha Mzee Bakari kinachosaga mahindi tangu asubuhi, na sakafu ilitetemeka nacho.

Sarla, binti ya Haridas, ndiye aliyeendesha studio siku hizi. Baba yake alikaa kwenye stuli na kikombe cha chai, vidole vyake vina makovu ya chuma cha kulehemu. Kati yao, kwenye rafu, iliketi kompresa.

Si ile ya kujaza upepo magurudumu. Hii ilikuwa ya sauti. Sanduku la chuma la kijivu, zito kama gunia la simiti, lililonunuliwa mnadani wakati Wazungu walipofunga redio yao ya jeshi. Ndani yake taa za valvu ziliwaka nyekundu kama makaa. Mtu akipaza sauti, iliikandamiza. Akinong'ona, iliinyanyua. Matangazo yote ya Wamae yalipita humo, na humo ndimo yalimopata ule ukaribu wa jikoni.

Sarla alivaa headphone, akasikiliza kaseti. Akakunja uso.

"Ni mashine yetu hii. Lakini sisi hatujarekodi hii tangazo."

Mzee Haridas akamnyang'anya headphone. Akafumba macho. Kisha akacheka bila furaha.

"Si yetu."

"Bapu, mimi naijua hii mashine!"

"Na mimi nimeizaa mara ya pili, wewe ukiwa unanyonya. Sikiza! Bakari yuko wapi hapa ndani?"

Sarla akaugeukia ukuta.

"Sijaelewa, mzee," Kanana alisema.

"Bakari akiwasha kinu, stima inaanguka huku kwetu. Valvu zinachoka. Sauti inazama kidogo, halafu inapanda, halafu inazama. Kaseti zote za Wamae ziko na huo uchovu, kwa sababu yeye anakuja asubuhi, wakati watu wanasaga." Akaigonga kaseti kwa ukucha. "Hii haijawahi kukutana na unga."

Sarla alikuwa ameketi chini polepole.

"Holm," akasema. "Yule Mzungu. Bapu, yule wa kompyuta."

"Nani huyo?" Kanana aliuliza.

"Alikuja Julai. Ati huko Ulaya studio zinataka mashine za zamani lakini hazitaki uzito wake. Kwa hivyo yeye anatengeneza programu. Unaiweka kwa kompyuta, na kompyuta inafanya kila kitu hii mashine inafanya, hata vile inapumua. Akawa anapitisha filimbi humu ndani, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, huku anarekodi. Sisi tulimcheka. Na alikuwa anakuja Ijumaa tu, saa ya..."

Nje, kinu kikanyamaza.

Balbu juu ya vichwa vyao ikang'aa ghafla. Kutoka msikitini adhana ikapanda juu ya mabati.

"...saa ya Bakari kwenda kuswali," Sarla alimalizia. "Alitaka stima isiyotikisika. Mimi nikampikia chai, dada! Nikamwekea na tangawizi!"

Kanana alikuwa tayari mlangoni. Mambo yalikuwa yamepangika. Mtu fulani ameigiza sauti ya Wamae, na programu ikamvalisha koti la mashine ya Haridas. Wamae hakuwa ameuza chochote. Alikuwa ameibiwa koo.

"Ukimpata," Mzee Haridas alisema nyuma yake, "mwambie filimbi zangu azirudishe."

*

Chaka. Naro Moru. Nanyuki. Suzuki ilikula lami na upepo baridi wa mlima ukaingia kwa kila tundu. Timau ilimpokea kwa mashamba ya ngano yaliyonyooka hadi macho yachoke, kisha nyumba za plastiki za maua, safu kwa safu, nyeupe kama vidonda vilivyofungwa bandeji.

Kanana alivaa koti la kijani la wafanyakazi na kubeba kreti ya maua kichwani. Askari wa lango hakumtazama usoni. Mwanamke mwenye kreti haonekani. Safari hii, dharau ya watu ilimfaa.

Alisukuma mlango wa chumba cha baridi.

Waridi maelfu. Na katikati yake, mzee amefungwa kwenye kiti, pumzi yake ikitoka kama moshi wa kibanda.

Taya la Wamae lilikuwa limevimba na kukaa upande.

"Mzee, ni watu wazuri," Kanana alinong'ona, akikata kamba. "Walitaka usome?"

Akaitika kwa kichwa.

"Ukakataa?"

Akaitika tena. Akaonyesha kwa mkono jinsi kitako cha bunduki kilivyokuja.

Kanana alivua koti akamfunika. Mtu ametunza ulimi wake maisha mazima asidanganye watu, wanakuja wengine wanamvunja taya, halafu wanaendelea kumwongelesha bila yeye!

Ofisi ilikuwa nyuma ya ghala. Aliingia kwa teke.

Wanaume wawili. Mmoja mnene, mikrofoni mbele yake, sahani ya chipsi mapajani. Mwingine mrefu, nywele za rangi ya mkonge, ameketi mbele ya kompyuta ya Power Macintosh. Na kwenye kioo cha kompyuta, Kanana aliiona kompresa ya Haridas. Imechorwa. Uso uleule wa kijivu, vitufe vilevile. Hata mkwaruzo wa bisibisi pembeni waliuchora.

Holm alirukia droo.

Browning ilibweka. Glock iliyokuwa ikitoka kwenye droo ikaruka hadi ukutani, na Holm akashika mkono wake akipiga kelele kwa lugha ya kwao.

"Keti."

Aliketi.

"Na wewe wa chipsi. Jina?"

"Mutahi, madam. Mimi ni mchekeshaji tu, wa kumbi za Nanyuki. Naigiza wakubwa, naigiza mapasta. Niliambiwa ni tangazo ya kawaida!"

"Umeona watu wakicheka?"

Mutahi alitazama mlangoni. Wamae alikuwa amesimama hapo. Chipsi zikamwagika.

Kanana alifikiri haraka. Kaseti ya uwongo ilikuwa imeshapita nusu ya vijiji. Watu wa Ruirinji hawangetoka kwa sauti ya mgeni. Wangesimama barabarani kwa sauti ya Wamae, au wasisimame kabisa. Na Wamae hakuwa na taya la kutangazia.

Alichukia wazo lenyewe kabla halijakamilika.

"Mutahi, shika mikrofoni. Utasema mkutano uko, kesho, saa nne. Holm, washa programu yako, umrekodi kwa kaseti. Na hii kitu ikikosea hata kidogo, hutashika kompyuta tena na mkono ule mwingine."

Mutahi alisoma. Sauti yake iliingia kwenye kompyuta ikiwa ya mchekeshaji na ikatoka ikiwa ya mzee. Nzito. Ya karibu. Ya jikoni.

Wamae aliisikia akiwa amesimama. Akapiga meza kwa kiganja, mara moja, kikombe kikaruka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Najua, mzee," Kanana alisema. "Najua."

Akamgeukia Holm. "Nakala ngapi za hii programu?"

"Moja. Kwa biashara yangu, ukiwa na nakala mbili, moja inaibiwa."

"Mambo ya wizi wewe ndiye unajua."

Kanana alichomoa diski ya Jaz iliyobeba programu, na kwa kuwa hakumwamini, akaifungua kompyuta na kung'oa diski ngumu iliyokuwa ndani. Kisha akamfunga Holm pingu kwenye bomba la chumba cha baridi, katikati ya maua yake, na kuwapigia simu polisi wa Nanyuki.

*

Asubuhi pikapu ya Peugeot, ikiwa na gurudumu jipya na waya uliounganishwa tena, ilipanda vilima vya Ruirinji. Kanana kwenye usukani. Wamae kando yake, taya limefungwa kitambaa hadi utosini. Daktari wa Nanyuki alitaka alale wodini. Mzee alinyoosha kidole mlangoni, akatoka.

"Mkutano uko leo! Nasema tena, uko leo, saa nne!" vipaza sauti viliunguruma.

Watu walitoka kwenye mashamba na vikapu vyao vya kahawa. Lakini hawakusogea. Jana kaseti imesema hivi, leo inasema vile. Walisimama kando ya njia, mikono kiunoni.

Mama mmoja alikuja hadi dirishani. Wachuka, mjane, mwenye ulimi unaoogopwa hata na chifu.

"Wamae! Jana tukae, leo tutoke. Wewe umekuwa jogoo wa kuwika saa yoyote?"

Wamae alimtazama. Juu yake sauti yake iliendelea kunguruma. Midomo yake haikucheza.

Wachuka alitazama midomo. Akatazama vipaza sauti. Akatazama midomo tena.

"Ni wewe unaongea, ama ni nani?"

Wamae akatikisa kichwa. Polepole akafungua kile kitambaa, akawageuzia taya.

Kanana alizima kaseti mwenyewe.

Kisha Wachuka akakitupa kikapu chini, kahawa nyekundu ikatawanyika njiani. "Ngai! Wamempiga mzee wetu halafu wakaongea na mdomo wake? Twendeni! Twendeni tukaone ni nani huyo anataka kiwanda!"

Habari ilikimbia kwa miguu, uzio hadi uzio. Malori ya watu wa kukodiwa yalipofika kiwandani, yalikuta mlolongo umeshapangwa, kuanzia mizani, kupita matanki, hadi kushuka mtoni. Mlolongo mmoja. Upande wa pili hapakuwa na hata mbuzi. Na kila mtu aliyekuwa kwenye mlolongo alikuwa na panga lake la kazi mkononi.

Malori yaligeuka bila kuzima injini.

Motorola ikakohoa. "Kanga, hapa Mlima. Kazi nzuri. Sasa leta hiyo programu ofisini kwangu. Leo."

"Ya nini, afande? Kesi iko na kaseti. Iko na Mutahi. Iko na taya."

"Kanga, uchaguzi hauko mbali. Kuna watu wakaidi tungependa waongee vizuri. Unanielewa?"

Kanana alielewa. Hawa ndio waliomtuma kumkamata Wamae!

Alienda hadi kwenye mizani ya kahawa. Wamae alikuwa amesimama hapo, watu wakimshika mkono. Akaziweka diski zote mbili juu ya sakafu ya simiti, mbele ya miguu yake.

"Mzee, sauti yako iko hapo ndani. Na ya mtu mwingine yeyote watakayemtaka."

Wamae hakuhitaji kuelezwa. Aliinama, akashika jiwe la chuma la mizani kwa mikono miwili, akaliinua hadi kifuani.

Likashuka. Likashuka tena. Aliendelea kulishusha hata baada ya kubaki vipande tu, na hakuna aliyemzuia.

"Kanga! Kanga, diski iko wapi?"

"Imeanguka, afande."

"Imeanguka vipi?"

"Kwa nguvu."

Alizima redio, akairusha kwenye kiti cha pikapu, akavaa miwani yake ya jua. Nyuma yake, mlolongo ulikuwa umeanza kujihesabu kwa sauti kubwa, kila mtu kwa mdomo wake.