Ng'ombe Si Wetu

Kila alfajiri Zita alifanya mambo yaleyale. Aliosha mikono, akakisuuza kibuyu cha maziwa kwa maji ya moto, akamfungulia ndama anyonye kidogo, kisha akachuchumaa ubavuni mwa yule ng'ombe mwekundu na kuanza kukamua. Akimaliza, aliandika sentensi moja kuhusu ng'ombe huyo katika daftari lake. Baridi ya kijiji cha Bashay ilimuuma vidole, lakini kazi hiyo aliipenda.

Jumatatu ile hakufika mbali. Alipogusa chuchu ya nyuma upande wa kushoto, ng'ombe alirusha teke. Kibuyu kiliviringika hadi ukutani na maziwa yakamwagika. Zita aliinama kuyatazama. Yalikuwa na mabonge meupe, na kati ya mabonge ulipita uzi mwembamba wa damu.

"Baba!" aliita. "Baba, njoo uone!"

Baba yake, mzee Tluway, alitoka akiwa amejitanda shuka. Aligusa kiwele, akaondoa mkono haraka.

"Kina moto."

"Ni ugonjwa wa kiwele, baba. Tumwite daktari Shamsia leo hii."

"Taratibu," baba akasema. "Ng'ombe si wetu."

Ilikuwa kweli. Ng'ombe yule alikuwa wa mzee Nikolausi wa Masakta, huko Hanang, rafiki ya Tluway tangu ujana. Familia nyingi za pande hizo zina desturi ya kuwaweka baadhi ya ng'ombe kwa rafiki anayeishi mbali. Ukame au ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja, mali yote haipotei. Anayewatunza hunufaika na maziwa na mbolea, na ndama hubaki kuwa wa mwenyewe. Kwa miaka tisa Tluway alikuwa hajamtia hata alama ya sikio ng'ombe wa rafiki yake bila kuuliza kwanza. Alijivunia jambo hilo.

"Nitampigia Nikolausi," alisema. "Akisema achomwe sindano, atachomwa."

"Asipopatikana?"

"Tutangoja."

"Na chuchu ikifa tukiwa tunangoja?"

"Zita!" Mama yake, Juliana, alimkemea kutoka jikoni. "Ndivyo unavyomjibu baba yako?"

Zita alinyamaza. Kunyamaza alikuwa amekuzoea. Wiki iliyopita, alipomaliza mtihani wa darasa la saba, alisikia kwamba ataenda Katesh kumsaidia shangazi Restituta katika duka la vitambaa mpaka matokeo yatoke, na huenda hata baada ya hapo. Alipomuuliza mama, mama alisema, "Baba yako ndiye ameamua." Baba alisema, "Shangazi yako ndiye ameomba." Shangazi naye alisema kwenye simu, "Mimi nimeambiwa tu kwamba unakuja, mwanangu." Zita alijibu, "Sawa, shangazi."

Lakini haikuwa sawa. Shamsia, afisa mifugo wa kata, alikuwa ametangaza shuleni kwamba angemchukua mwanafunzi mmoja tu aliyemaliza darasa la saba, afuatane naye kazini kwa miezi mitatu. Jibu lilitakiwa kufikia Ijumaa. Kwa miezi minane Zita alikuwa akijiandaa kwa nafasi kama hiyo, na hakuna aliyejua. Hakuwa amemwambia mtu.

Baba alipanda kilimani kutafuta mtandao. Alirudi baada ya saa nzima.

"Hapatikani. Nitajaribu tena jioni."

Zita alimtazama ng'ombe. Alikuwa amesimama miguu ameitanua, na kila ndama aliposogea alimsukuma kwa pembe. Zita alichukua daftari lake na kutoka.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Joshoni. Kumwita daktari."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama," alisema, na hakusimama.

Njiani alikutana na Kelvin, waliyesoma naye darasa moja, akichunga mbuzi.

"Shikamoo bwana mifugo!" Kelvin alimtania. "Mbona mbio? Ng'ombe amekufa?"

"Bado. Anaumwa."

"Yule wa Masakta? Sasa ng'ombe si wako, ugonjwa si wako, unakimbilia nini? Akifa, baba yako atampelekea mwenyewe ngozi, mambo yaishe."

"Nenda ukachunge mbuzi wako, Kelvin. Wawili wameshaingia shambani kwa mtu."

Kelvin aligeuka, akapiga mluzi na kukimbia. Zita alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Shamsia alikuwa joshoni, akisimamia ng'ombe wanaoogeshwa dawa ya kupe, buti zake zimejaa tope. Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Dongobesh. Mwanzoni wazee walimcheka, mwanamke anayekamata mafahali, lakini siku hizi walimngoja kwa hamu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe."

Zita alimweleza yote: chuchu ipi, joto, mabonge, damu, na kwamba ng'ombe anamkataa ndama. Shamsia aliacha kuosha mikono akamsikiliza. Kisha akaomba daftari. Lilikuwa na miezi minane ya sentensi. *Leo amekula vizuri. Leo nimemtoa kupe kumi na mmoja. Leo kinyesi ni chepesi, nimeuliza mwalimu kwa nini.*

"Mbona Jumamosi na Jumapili hujaandika kitu?" Shamsia aliuliza.

Zita aliutazama ukurasa mtupu. Angeweza kusema kalamu iliisha wino.

"Jumamosi niliona maziwa yana chembechembe," alisema polepole. "Nilikuwa na hasira kwa sababu ya safari ya Katesh. Nikasema, ng'ombe si wetu, baba ataona mwenyewe. Sikuandika, na sikumwambia mtu."

"Siku mbili ni nyingi kwa kiwele," Shamsia alisema. Hakumfariji. "Panda pikipiki. Lakini baba yako akikataa, sitamgusa ng'ombe. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Hatakataa."

Baba alikataa.

"Shikamoo, mzee," Shamsia alimsalimu pale zizini.

"Marahaba, daktari. Karibu. Lakini mtoto amekusumbua bure. Siwezi kumchoma sindano ng'ombe wa watu bila kauli yake. Nitamjibu nini akiniuliza?"

Zita alisimama kati ya baba na ng'ombe. 

"Baba, kosa langu nalisema. Jumamosi niliona dalili nikanyamaza, nikakungoja wewe. Sasa wewe unamngoja mzee Nikolausi. Yeye yuko Masakta, hajui chochote, na ng'ombe yuko mikononi mwetu. Nigombeze jioni, nitakubali. Lakini sindano achomwe sasa."

Mama Juliana alikuwa ameshikilia nguzo ya zizi, wala safari hii hakumkemea. Tluway alimtazama binti yake kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Kisha akavua shuka, akaitundika, na kumshika ng'ombe pembe.

"Haya, daktari," alisema. "Fanya haraka."

Shamsia alikamua uchafu wote, akaingiza dawa ndani ya chuchu na kumchoma sindano ng'ombe shingoni.

"Maziwa yake yasinywewe mpaka nitakaposema," aliagiza. "Chuchu hii ikamuliwe kila baada ya saa tatu, mchana kutwa. Mikono ioshwe kabla na baada. Ukiruka mara moja, Zita, unarudi mwanzo."

Zita alichora saa hizo kwa mkaa kwenye mlango wa zizi. Kila alipomaliza alifuta moja. Jumanne alipigwa teke la paja. Jumatano alichoka hata kula akasahau, lakini saa hakusahau. Alhamisi jioni maziwa yalitoka bila bonge hata moja. Zita aliita nyumba nzima ije kutazama. Shamsia, aliyekuwa amepita kumkagua ng'ombe, alimwambia, "Ile nafasi ya miezi mitatu ni yako ukiitaka, nipe jibu kesho."

Ijumaa asubuhi simu ya mzee Nikolausi ilipatikana. Baba alimweleza yote kwa sauti ya kuomba radhi. Jibu lilisikika hadi jikoni.

"Tluway! Nani alikwambia uningoje mimi? Nilikupa ng'ombe umtunze kwa akili yako! Ungemwacha afe ili uniheshimu? Mpe salamu huyo binti."

Baba alikata simu akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwita Zita.

"Mwanangu, mimi nilimtegemea Nikolausi, naye alinitegemea mimi. Ng'ombe angefia katikati yetu. Wewe nawe tumekufanyia vilevile. Mama yako ananingoja mimi, mimi namngoja shangazi yako, yeye anatungoja sisi. Na wewe unaitikia sawa. Kuheshimu wakubwa si kuwaachia maisha yako na kukaa pembeni. Sema unachotaka. Ukishasema, kifanyie kazi kila siku, hata siku una hasira. Ukikosea, kiri mapema kama ulivyokiri. Sisi tutakushauri, lakini hatuwezi kujifunza kwa niaba yako."

"Basi baba, mwambie shangazi kwamba..."

"Mimi?" Baba alibonyeza namba na kumpa simu. "Nikisema mimi, litakuwa neno langu."

Simu iliita mara mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Zita! Kitanda chako nimeshakiandaa. Unakuja lini?"

Mama alikuwa ameacha kuchochea moto ili asikie.

"Shangazi, nakushukuru sana, na unisamehe. Siku ile nilipokuambia sawa, sikumaanisha. Nilimaanisha hapana. Nataka kuwa daktari wa mifugo, na kazi kwa daktari Shamsia naianza Jumatatu."