Meno ya Bibi na Maua ya Pazia

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia studio ya shangazi yake. Alifagia, akanyoosha pazia la maua lililoning'inia nyuma ya wateja, kisha akaifuta kamera kwa kitambaa laini. Jina la Chiriku, yule ndege wa kelele, alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wa mtoto huyu haukujua likizo. Hata mteja wa picha ya pasipoti alipigiwa soga mpaka akasahau kununa.

Kamera yenyewe ilikuwa ya zamani, ya filamu, na haikufanya lolote peke yake. Mpigaji alichungulia kwenye kitundu, akazungusha pete ya lenzi polepole mpaka ukungu uondoke na sura ionekane wazi, ndipo akabonyeza. Shangazi alikuwa amemfundisha kwa subira, na sasa alimpa kazi ya heshima: kumpiga picha bibi. Maskini bibi, hakuwa na hata picha moja iliyotoka vizuri, kwani mbele ya kamera alikunja uso kila mara. Alitaka moja tu ya kutundika sebuleni.

"Ili vitukuu wajue kwamba nilikuwa na meno," alisema.

Chiriku alimpiga kadhaa. Picha zilipooshwa, alizisogeza karibu na macho. Katika moja, maua ya pazia yalionekana safi kabisa, lakini uso wa bibi ulikuwa ukungu mtupu. Katika nyingine, vidole alivyoviweka magotini vilionekana hadi mikunjo, na uso ukafifia tena.

"Kamera imeharibika, Shangazi," alisema haraka. "Tuipeleke kwa fundi."

Shangazi hakubisha. Aliiweka kamera kwenye stendi, akabandika ukurasa wa gazeti ukutani, akaupiga picha. Kisha akamwambia Chiriku naye apige kadhaa. Filamu ilipooshwa, herufi za shangazi zilisomeka zote. Za Chiriku zilikuwa uji.

"Hebu tazama hizi za bibi," shangazi alisema, akizipanga mezani. "Kamera mbovu hukosea upande uleule. Ikiwa inavuta nyuma, yaani inanasa wazi kilicho nyuma ya uso, itavuta nyuma kila mara. Zako, moja imevuta nyuma kwenye maua, nyingine mbele kwenye vidole. Hapa kuna mtu anayebahatisha." Akamtazama kwa upole. "Mwanangu, ubaoni unaona?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Machozi yakamlengalenga.

"Sioni, Shangazi. Nanakili kwenye daftari la jirani yangu. Niliogopa ukijua utaninyang'anya kamera. Mpiga picha asiyeona ana kazi gani?"

Shangazi aliangua kicheko, akaivua miwani yake na kuipunga hewani. "Na hii je? Ulidhani naivaa kwa urembo?"

Wakaenda pamoja kwa daktari wa macho. Siku Chiriku alipovaa miwani yake, alisimama mlangoni akashangaa. Miti ilikuwa na majani, moja moja! Njia nzima alisema, "Asante, Shangazi," mpaka shangazi akamwomba ampumzishe masikio.

Bibi aliketi tena mbele ya pazia. Chiriku alichungulia, akazungusha pete, akapitiliza kidogo, akarudi mpaka akaziona nyusi za bibi unywele kwa unywele.

"Tulia, Bibi."

"Mimi nimetulia. Wewe ndiye umenyamaza, unanitisha!" Bibi akacheka, na papo hapo Chiriku akabonyeza.

Picha ilipotundikwa sebuleni, bibi aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu ni mimi kabisa," alisema, akamkumbatia. "Ahsante, mjukuu wangu. Umenifurahisha sana."

Shangazi akamshika Chiriku begani. "Macho kuwa dhaifu si kosa, mwanangu. Kosa lilikuwa kuficha, kisha kuisingizia kamera. Ukiwa na shida mwilini, utuambie mapema. Sisi tunaokupenda hatuwezi kukusaidia kwa jambo tusilolijua."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alirudi nyuma hadi mlangoni, mbali kabisa na ukuta, akainua macho. Kutoka pale aliliona kila jino la bibi.