Mikono Mirefu kwa Mara ya Mwisho

– Paska, umeolewa au bado?

Madam aliniuliza akiwa ameshika kimono mbili, moja mkono huu, nyingine mkono ule. Tulikuwa sebuleni kwake mtaa wa Al Nahda, huku kwa Waarabu, maboksi yamejaa hadi mlangoni. Miaka mitatu nimemlea mwanawe, na Alhamisi anarudi kwao Japani. Visa yangu ndiyo inaishia hapo. Zawadi ya kuagana aliyoniandalia ni picha na mchumba wangu, mimi nikiwa ndani ya nguo za kwao.

– Kwani lazima ujue, madam?

– Lazima. Ya mikono mirefu huvaliwa na binti. Mwenye mume huvaa mikono mifupi.

Nikamgeukia Joachim, mlinzi wa bandari ya Jebel Ali, mwanaume niliyempenda mpaka nikajishangaa. Alikuwa anajikuna shingo. Jana yake tu nilimtumia meseji: "Nitajie tarehe ya ndoa. La sivyo Alhamisi na mimi napanda ndege yangu, usinitafute." Akajibu neno lile lile la miaka miwili: "Inshallah." Mkatoliki mzima, lakini inshallah haimtoki mdomoni!

– Mjibu madam, Joachim. Nimeolewa?

– Paska, si hapa jamani...

– Khalas, imetosha! Madam, nipe ya mirefu. Mimi ni binti, tena bado nachagua.

Nikaichukua ile ya zambarau yenye maua meupe, nikaingia chumbani, nikaivaa mwenyewe kwa hasira juu ya fulana na taiti. Nilijifunga kama ninavyofunga kanga yangu, upande wa kulia juu ya kushoto, nikabana. Nikatoka kidevu juu.

Madam akaziba mdomo kwa mikono miwili.

– Hapana, Paska! Kushoto ndiyo hukaa juu! Hivyo kwetu tunamvisha maiti!

Mimi nilicheka. Joachim hakucheka. Aliruka kutoka kwenye sofa, akashika pindo la ile nguo.

– Fungua, Paska. Fungua sasa hivi!

– We Joachim, una wazimu? Nguo tu hii.

Hakunisikia. Akafungua, akaanza kunifunga upya, machozi yanamdondoka. Sijawahi kumuona analia. Hasira zangu zote zikaisha.

– Baba, kuna nini?

– Kabla yako nilikuwa na mchumba, Angella. Tukatangaza tarehe. Malaria ikamchukua wiki moja kabla. Gauni la harusi ndilo alilozikwa nalo.

– Miaka yote hii hukuniambia?

– Ningeanzaje? Kila nikitaka kukutajia tarehe, namuona yule amelala. Nikasema bora ninyamaze, wewe uendelee kuwepo.

– Kwa hiyo umeniweka kwenye inshallah ili nisife?

– Ndiyo.

– Mjinga wewe! nikamwambia, nimemkumbatia. Kufa tutakufa tu. Mimi nataka nife nikiwa mkeo, bibi kizee, sina hata jino.

Akacheka na kamasi zake. Akavuta pumzi.

– Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi. Parokiani kwenu, Bukoba.

Akanitazama kama anayesubiri nianguke.

– Nipo, Joachim. Umeitaja, na nipo.

Madam naye alikuwa anajifuta macho. Akainua ile ya mikono mifupi.

– Basi nikubadilishie?

– Acha, madam. Hii ya binti naivaa mara ya mwisho.

Akanifunga ule mkanda wao mpana mpaka mbavu zikalalamika, tukapiga picha. Nikamtumia mama Bukoba. Jibu likaja upesi: "Umependeza mwanangu. Huyo mkwe mbona macho mekundu? Umempiga?"

Alhamisi madam alipanda ndege yake kwenda Japani, mimi yangu kwenda nyumbani. Joachim alinifuata Desemba, na padri akatufungisha ndoa Jumamosi ile ile aliyoitaja.

Wiki moja baadaye kikafika kifurushi kutoka Japani. Ndani, kimono ya mikono mifupi. Nikaivaa, nikasimama mbele ya mume wangu.

– Kushoto juu? akaniuliza.

– Kushoto juu.

– Zunguka. Kushoto, eeh?

– Kushoto, Joachim.

– Njoo hapa karibu nihakikishe tena.